Namba ya VLAN mnatuficha ya nini?

Wakuu, leo nina hasira, mniwie radhi mapema.

Nalipia faiba nyumbani kila mwezi, tena kwa wakati. Ruta niliyoletewa na kampuni ni kimeo: simu za watoto na TV zikiizidi inaganda, na ukurasa wa mipangilio wameufunga kwa pasiwedi yao. Nikatafuta kompyuta ndogo iliyotumika, yenye poti mbili za mtandao za Intel, nikaiwekea OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta. Upande wa ndani umekaa safi kabisa, nimeugawa kwa VLAN, yaani mitandao inayopita waya mmoja lakini imetenganishwa kwa namba: sisi VLAN 10, wageni VLAN 20, kamera VLAN 30 na zimezuiwa kwenda intaneti. Swichi inaelewa, Wi-Fi inaelewa.

Kasheshe iko upande wa nje. Faiba yao inaishia kwenye kisanduku ukutani, na kuanzia hapo PPPoE (njia ya ruta kuingia kwenye mtandao wao kwa jina na pasiwedi) inapita ndani ya VLAN. Ukituma fremu (pakiti ya data) isiyo na tagi sahihi, yaani namba ya VLAN, mtambo wao haukwambii umekosea. Unakaa kimya. Ruta yangu inatuma PADI (ombi la kutafuta mtambo) mpaka inachoka, hairudi PADO (jibu lake) hata moja, na kwenye logi unaona muda umeisha tu, utadhani waya umekatika. Kwa hiyo nahitaji namba. Namba tu!

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa kwanza: "Zima ruta, subiri dakika tano, halafu washa." Dada yangu, nani kasema mtandao umekatika? Wa pili hajawahi kusikia VLAN. Huyo simlaumu, namlaumu aliyemkalisha pale bila kumfundisha. Nikapelekwa kwa "injinia", naye akanijibu kibosi kabisa: "Hiyo ni taarifa ya usalama, hatumpi mteja."

Usalama gani? Kwenye 802.1Q, kiwango cha VLAN, namba ni biti 12. Ukitoa 0 na 4095 ambazo zimetengwa, zinabaki 4094, basi. Na wala haifichiki: weka kati ya kisanduku na ruta yao swichi inayoweza kunakili trafiki ya poti, washa tcpdump -e (programu ya kusoma trafiki) kwenye kompyuta inayopokea nakala, namba utaiona. Kinacholinda akaunti ni jina na pasiwedi ya PPPoE, na hiyo akaunti nailipia mimi. Nazo wamenigomea.

Ujerumani, tangu Agosti 2016, sheria inampa mteja haki ya kutumia ruta yake, na kampuni inatakiwa kumkabidhi taarifa za kuunganisha bila hata kuombwa. Kwamba Deutsche Telekom wanatumia VLAN 7 kila mtu anajua, na mtandao wao haujaanguka kwa sababu hiyo.

Sasa sikieni kilichonichefua. Fundi wao kaja kwa jirani, nikamuuliza. Jibu: "Bosi, namba ninayo, nitoe tu na ya soda." Yaani ofisini ni siri ya usalama, getini ni ya soda! Sikumpa hata mia.

Aliyewahi kupewa namba na pasiwedi kwa maandishi, atuambie alimwandikia nani na alisemaje. Na mwenye kujua kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, zinasemaje kuhusu mteja kutumia ruta yake, aweke kifungu hapa. Barua naandika wiki hii.