Naomba ushauri: nifundishe vipi Mathayo 24 bila kuwatisha watu? (Malindi)

Mwalimu_wa_Bara (mwenye uzi)

Wapendwa, salaam. Niko Malindi, upande wa Shela. Nimepewa darasa la watu wazima kanisani, Jumapili nne, dakika 45 kabla ya ibada. Somo ni Mathayo 24. Mnajua hali ya huku tangu yale ya Shakahola 2023, wafuasi wa mhubiri walipofunga hadi kufa: ukitaja siku za mwisho, nusu ya watu wanainama. Kwa hiyo nataka kufundisha kwa mtazamo wa preterisimu, yaani Yesu alitabiri anguko la Yerusalemu la mwaka 70, na likatimia ndani ya kizazi kile alichokitaja mstari wa 34.

Mpango wangu: Jumapili ya kwanza mstari 1–14, ya pili 15–28, ya tatu 29–35, ya nne hitimisho. Nianze na Biblia au na Josephus, yule mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza? Na ile 666, namba ya mnyama katika Ufunuo, niiweke au niiache? Nijibuni mapema, usingizi umenipaa.

Karani_wa_Pwani

Biblia kwanza, tena usianzie sura ya 24. Anzia mwisho wa 23, pale Yesu anapowaambia Mafarisayo kwamba hayo yote yatakijia kizazi hiki na nyumba yao wameachiwa ukiwa. Darasa likifika 24:34 litakuwa limeshajua anasema na nani. Halafu weka Luka 21:20 kando ya Mathayo 24:15. Mathayo anataja chukizo la uharibifu. Luka, mahali palepale pa hotuba, anataja Yerusalemu kuzungukwa na majeshi. Hiyo peke yake inatosha Jumapili ya kwanza.

Josephus aje Jumapili ya pili, na aje na mpangilio. Uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma ulianza 66. Mwishoni mwa mwaka huo Cestius Gallus, liwali wa Shamu, aliufikia mji, akashambulia, kisha akageuza jeshi bila sababu ya kueleweka na kupigwa vibaya njiani Beth-horoni. Hapo ndipo njia ya kutoka ilipobaki wazi. Kaisari Nero akamtuma jemadari Vespasian, Nero akafa 68, Roma ikaanza kugombania kiti, vita vikalegea. Titus, mwana wa Vespasian, alifika karibu na Pasaka ya 70, mji umejaa wageni wa sikukuu. Akauzungushia boma la stadia 39, kama kilomita 7, lenye vituo 13 vya askari, na Josephus anasema lilikwisha kwa siku tatu. Kuanzia hapo njaa ikafanya kazi iliyobaki. Hekalu liliungua mwezi wa nane.

Chora hayo ubaoni ndipo usome mstari 16 hadi 20. Aliye juu ya dari asishuke kuchukua vitu: nyumba za Yudea zilikuwa na dari bapa na ngazi ya nje, unashuka moja kwa moja hadi njiani. Waombe wasikimbie wakati wa baridi wala siku ya sabato: mabonde yana maji na malango yamefungwa. Onyo la namna hiyo ni la watu wa mji fulani wenye milima ya kukimbilia. Dunia nzima ikiisha, baridi inahusu nini?

Kitu kimoja usinakili: ile idadi ya Josephus ya waliokufa 1,100,000. Wanahistoria wengi wanaiona imetiwa chumvi. Atatokea mmoja anayeijua hiyo, na noti zako zote zitapoteza uzito.

Kahawa_Tungu

Niko Lamu, mimi ni Mwislamu, nimepita tu. Sisi bado twamngoja Nabii Isa ateremke, kumbe jirani zetu wasema mambo yalimalizwa mwaka 70? Na kodi ya nyumba mbona bado yaja kila mwezi?

Mama_Neno

Mwalimu mpendwa, haya mambo si ya ubao na chaki. Ingia magotini. Funga siku tatu, Bwana atakuonyesha.

Ngazija_Ndogo

Mama, kwa heshima zote, mtu akiwa Malindi anauliza habari za siku za mwisho, neno "funga" tulitumie kwa kipimo.

Mama_Neno

Mwanangu, nimesema siku tatu, na maji anywe.

Hesabu_za_Kale

Mimi nijibu 666. Hesabu yenyewe ni hii: Neroni Kaisari kwa herufi za Kiebrania ni nuni 50, reshi 200, vavu 6, nuni 50, kofu 100, sameki 60, reshi 200. Jumla 666. Ondoa nuni ya mwisho, kwa kuwa Kilatini wanasema Nero, inabaki 616, na kweli zipo nakala za kale za Ufunuo zenye 616. Jambo moja linaeleza tarakimu mbili, ndiyo maana wengi wanalikubali, hata wasio wapreteristi.

Lakini usiiweke. Sababu ya kwanza, Irenaeus, askofu wa karne ya pili, alizijua tarakimu zote mbili, akapendekeza majina kadhaa, na Nero hamo. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: ukigusa Ufunuo lazima uingie kwenye tarehe yake. Irenaeus huyohuyo anasema maono yalionekana karibu na mwisho wa utawala wa Kaisari Domitian, yaani miaka ya 90, zaidi ya miaka ishirini baada ya Hekalu kuungua. Mpreteristi anayetaka Ufunuo utabiri mwaka 70 hana budi kuuweka kabla ya hapo. Ana hoja: Ufunuo 11 Yohana anaambiwa apime hekalu kana kwamba bado lipo, na wale wafalme saba wa 17:10, ukianza kuhesabu na Julius, wa sita aliyeko ni Nero na wa saba wa muda mfupi ni Galba, aliyekaa miezi saba. Ukianza na Augusto, yote yanasogea hatua moja, wa sita anakuwa Galba. Dakika 45 zinaishia hapo na Mathayo hujamfungua.

Mzee_wa_Baraza

Swali langu ni dogo. Jumapili ya tatu umeishia mstari wa 35. Ya nne umeandika "hitimisho". Sura ina mistari 51. Ile 36 hadi 51 imekwenda wapi?

Mwalimu_wa_Bara (mwenye uzi)

Asanteni sana, Karani umenisaidia mno. Mzee, ya nne ni kuunganisha tu na nyaraka. Sasa mnaonaje, ramani niichore mwenyewe au nichapishe?

Mzee_wa_Baraza

Nyaraka zipi?

Mwalimu_wa_Bara (mwenye uzi)

Za Paulo. Zinazohusiana na kuja kwake.

Mzee_wa_Baraza

Mwalimu, Paulo ameandika mengi. Taja sura.

Mwalimu_wa_Bara (mwenye uzi)

Haya. 1 Wathesalonike 4 na 1 Wakorintho 15. Kama "kuja" kwa Mathayo 24 kulikuwa hukumu ya mwaka 70, na Paulo anazungumzia kuja kulekule, basi ufufuo nao ni wa wakati uleule: watu wa Mungu kutoka katika agano la kale na kuingia katika jipya, si makaburi kupasuka. Sioni kwa nini nikate katikati. Na sijaficha kitu. Noti ni kurasa 8, nakala 40 zimeshapigwa fotokopi, na Jumapili ya kwanza imekwisha fanyika, watu walifurahi. Mchungaji aliona kurasa 6 za kwanza akasema sawa. Za 7 na 8 zilikuwa hazijaisha wakati ule. Nimeuliza namna ya kufundisha, sikuuliza kama nifundishe.

Karani_wa_Pwani

Basi uliomba ushauri wa jambo moja ukiwa umeshika jingine. Unachotaka kufundisha Jumapili ya nne ni preterisimu kamili, yaani hata kuja kwake na ufufuo vimekwisha. Jumapili tatu za mwanzo ni preterisimu ya sehemu, ambayo askofu Chrysostom alikuwa ameshaihubiri kwa kiasi kikubwa katika mahubiri yake ya Mathayo karne ya nne, na mchungaji yeyote anaweza kuivumilia. Ya nne inagusa Imani ya Nikea, "atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu", na kama kanisa lenu huikiri, darasa litaikiri nusu saa baada ya kukusikiliza.

Makosa yako yako hapa. Hoja ya Mathayo 24 inasimama kwa sababu ina vitu vitatu: hekalu lililo mbele ya macho, mji wenye jina, na "kizazi hiki". Picha ya mawingu nayo ina mizizi: Isaya 19:1 Bwana anapanda wingu kwenda Misri, Isaya 13:10 nyota zinazimika na anayehukumiwa ni Babeli, Danieli 7:13 Mwana wa Adamu anakuja na mawingu kumwendea Mzee wa Siku. Ukifika 1 Wakorintho 15 hakuna hekalu, hakuna mji, hakuna kizazi. Kuna kaburi la Yesu, mashahidi waliomwona, na adui wa mwisho ambaye ni mauti. Ushahidi wa sura moja hauhamishiki kwenda nyingine kwa sababu tu zote mbili zimesema "kuja".

Timilifu_70

Karani unamwonea. Mwalimu yuko sawa, ila hajajieleza. Paulo anasema "sisi tulio hai, tutakaosalia" na "hatutalala sote". Hao "sisi" ni watu wa wakati wake. Huwezi kuchukua "kizazi hiki" kwa uzito halafu "sisi" ukaipulizia mbali. Na mwandishi J. Stuart Russell alishaliandika hili 1878, si jambo la jana.

Karani_wa_Pwani

Paulo huyohuyo, 2 Wakorintho 4:14, anasema Mungu "atatufufua sisi". Hapo amejiweka kati ya watakaofufuliwa. "Sisi" yake inachukua pande zote mbili kwa kuwa hakujua atakuwa upande gani. Halafu nijibu la 1 Wakorintho 11:26: Meza ya Bwana huitangaza mauti yake "hata ajapo". Kama alishakuja 70, mnaendelea kumega mkate kwa amri gani?

Timilifu_70

Neno "hata" halilazimishi kikomo.

Ngazija_Ndogo

Na Himenayo na Fileto wa 2 Timotheo 2? Walisema kiyama imekwisha kuwapo, Paulo akasema wanapindua imani za watu.

Timilifu_70

Waliwahi mno. Barua iliandikwa kabla ya 70. Kosa lao lilikuwa saa.

Ngazija_Ndogo

Ingekuwa kosa la saa tu, angewaambia wasubiri miaka michache. Wala, kama kiyama ni makaburi kufunguka, hakuna ambaye angewaamini, angetoka tu nje akaangalia.

Timilifu_70

Hiyo ya pili ni hoja yangu, umenisaidia.

Ngazija_Ndogo

Lo.

Mlinzi_wa_Geti

Jamani mnachoka bure. Uzi huu umetungwa. Moja, Shela iko Lamu, yeye anasema Malindi. Mbili, baada ya Shakahola, kufukuliwa miili zaidi ya 400, nani huku atampa mtu darasa la siku za mwisho akiwa amesoma kurasa sita tu? Tatu, mtu aliyekosa usingizi anauliza ramani ichorwe au ichapishwe? Huyu anaandika kitabu, anatuchuma majibu.

Kahawa_Tungu

La Shela kaka umeteleza. Shela yetu ni ya mchanga na punda, lakini Malindi nayo ina Shela yake, mtaa mzima. Mengine jitetee mwenyewe.

Mlinzi_wa_Geti

Haya, Shela nimeiacha. Aweke aya moja ya ukurasa wa 7 hapa tuione.

Mwalimu_wa_Bara (mwenye uzi)

Sina haja ya kuthibitisha kwa mtu asiyenijua. Lakini hii hapa, kama ilivyo: "Mwaka 66 Titus aliuzingira mji, waumini wakakimbilia Pela ng'ambo ya Yordani, na hivyo waliotoka kaburini mwa sheria ya Musa wakaingia uzimani. Huo ndio ufufuo aliousema Paulo."

Hesabu_za_Kale

Aliyekuja 66 ni Cestius Gallus. Titus ni 70, na ukimweka Titus hapo waumini hawana pa kupita, wako ndani ya boma. Habari ya Pela tunaipata kwa Eusebius, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya nne, naye anasema waliondoka kabla ya vita. Tena angalia sentensi yako: kukimbia mji umekugeuza kuwa kufufuka. Wale walioamini wakiwa Korintho, ambao hawakukimbia popote, walifufuka saa ngapi?

Kahawa_Tungu

Mtunzi angelikosea hivi? Huyu ni wa kweli.

Mlinzi_wa_Geti

Au ni mtunzi hodari.

Mzee_wa_Baraza

Awe wa kweli awe wa kutungwa, nakala 40 zipo au hazipo, jibu ni lilelile. Mwalimu, Jumapili ya nne fundisha mstari 36 hadi 51. Wapo wapreteristi wanaokata hapo, mstari wa 36, "siku ile na saa ile", wakisema Yesu amehama kutoka mwaka 70 kwenda kuja kwake kwa mwisho. Wengine hawakati. Waonyeshe darasa pande zote mbili, wasome Matendo 1:11, wakate wenyewe. Na huyo mchungaji apelekewe ukurasa wa 7 na wa 8 leo, mkononi, kabla hajauona kwa mtu mwingine.

Mama_Neno

Amina. Na asipite Jumamosi.

Mwalimu_wa_Bara (mwenye uzi)

Mstari 36–51 nitaufikiria, Mzee. Gallus nitamrekebisha. Kwa mchungaji nitakwenda, lakini baada ya Jumapili ya tatu, ili aone kwanza watu wamepokea vipi. Msimamo wangu juu ya 1 Wakorintho 15 haujabadilika. Kwa sasa naondoa karatasi ya mwisho, 7 na 8 ziko mbele na nyuma, naibakiza nyumbani.

Karani_wa_Pwani

Baada ya ya tatu ni kuchelewa, naye atauliza kwa nini noti zinaishia ukurasa wa 6. Fungu la yaliyomo ukurasa wa 1 limetaja somo la nne?

Mwalimu_wa_Bara (mwenye uzi)

Limetaja.

Hesabu_za_Kale

Na nakala za Jumapili ya kwanza uliwapa za kurasa zote 8?

Mwalimu_wa_Bara (mwenye uzi)

Walioziomba. Kama kumi na mbili.

Kahawa_Tungu

Stepla usiivute kwa mkono, mwalimu, karatasi itachanika. Ingiza ncha ya kisu kwa nyuma, nyanyua miguu yake miwili, yatoka. Zile kumi na mbili sasa, kisu hakifiki.