Siku mbili za kutazama projekta, halafu tunaambiwa "mlifundishwa"!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Kazini tumebadilishiwa mfumo wa hesabu na stoo. Kabla ya kuanza tukaitwa darasani siku mbili: watu 40, mkufunzi mmoja, kompyuta moja kwa watu wawili. Mwenzangu ndiye aliyeshika mausi. Mimi nilitoka pale sijagusa kitu.

Asubuhi ya kwanza yote iliishia kwenye nywila. Akaunti nyingi hazikuwa zimefunguliwa, na zilizofunguliwa hazikuwa na ruhusa za kazi zetu. Kwani ni kazi kubwa kiasi gani kuja jana yake na kuijaribu kila moja?

Baada ya hapo tukazungushwa kwenye menyu, ya kwanza hadi ya mwisho. Wahasibu, watu wa stoo, watu wa mishahara, wote chumba kimoja, kila mtu akisubiri dakika zake chache zinazomhusu. Kazi yangu mimi ni kupokea mizigo. Nilitaka nipewe oda ya mfano niambiwe: haya, pokea. Oda inasema katoni 100, zimefika 92, mbili zimepasuka. Naandika nini, wapi? Na nikishahifadhi ndipo nigundue nimekosea, narudishaje? Hilo la kurudisha ndilo linalotutoa jasho kila siku. Niliponyoosha mkono nikajibiwa "tutalifikia". Hatukulifikia.

Wala hatukuwa na mfumo wa majaribio. Mkufunzi alionyesha kwenye mfumo halisi, tukakatazwa kubonyeza "hifadhi". Jamani, mtu anashika kazi kwa kukosea mahali ambapo kosa lake halileti hasara! Nakala ya mfumo yenye takwimu za kubuni ingetosha kabisa.

Kisha zikapita wiki 3 ndipo mfumo ukaanza kutumika. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: kusahau kwingi hutokea mapema sana, ndani ya saa za mwanzo. Na yeye angalau alizirudia silabi zake mpaka akazishika. Sisi tulirudia nini?

Siku ya kwanza nimepokea katoni zote 100 kwenye mfumo, kwa sababu sikuona pa kupunguza. Hesabu zikagoma. Meneja akanitolea karatasi ya mahudhurio: "Si mlifundishwa? Sahihi yako hii hapa." Hapo ndipo paliponiuma. Sahihi ile inaonyesha nilikaa kwenye kiti, basi.

Fomu ya tathmini nayo iliuliza kama ukumbi ulikuwa mzuri na kama mkufunzi alisikika. Tangu 1959 Donald Kirkpatrick, Mmarekani mtaalamu wa mafunzo kazini, alishaeleza ngazi 4 za kupima mafunzo: watu waliyapokeaje, wamejifunza nini, kazini wanafanya nini tofauti, na kazi yenyewe imepata nini. Wetu wakaridhika na ya kwanza.

Sasa kuna awamu ya pili. Nimemwandikia meneja nikiomba vikundi vya watu 10 kwa idara, kila mtu na kompyuta yake, msaidizi wa kuzunguka nyuma yetu, mazoezi yatokane na makaratasi yetu wenyewe, na mtu wa kukaa nasi stoo wiki nzima ya kwanza. Nimejibiwa ratiba imeshapangwa.

Ni Jumatatu, ukumbi ule ule, watu 40.