Kambi za mitihani Kusini: zinampunguzia mtoto mzigo au zinamtwisha mzazi?

Ndugu zangu, naleta mbele yenu jambo ambalo huku Mtwara na Lindi tumelizungumza miaka mingi, lakini zaidi kwa kunong'ona, kwa sababu anayelipinga huonekana adui wa maendeleo ya watoto. Nasema juu ya kambi za kitaaluma, yaani ule utaratibu wa kuwalaza shuleni wanafunzi wa darasa la saba na wa kidato cha nne kwa wiki kadhaa kabla ya mtihani wa taifa, wakasoma alfajiri, mchana na usiku, huku wazazi wakichanga unga, kunde, kuni na fedha za mpishi. Hoja yangu ni kwamba kambi, kwa namna tunavyoziendesha, haziondoi dhiki ya mtihani. Zinaipeleka kwa mzazi na kwa mwalimu, kisha inamrudia mtoto yule yule kwa mlango wa uani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata katika uwanda wa juu wa Makonde, nimefundisha huko miaka 14 na nimesimamia kambi sita. Kwa hiyo ninayoyasema ni lawama kwangu pia.

Tuanze na kalenda, maana humo ndimo kiini cha jambo kilimo. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na wa kidato cha nne Novemba, hivyo kambi huangukia kati ya Julai na Oktoba. Hiyo ndiyo miezi ambayo mkulima wa korosho yumo katika gharama tupu: amekwishalipia palizi, anapuliza salfa na viuatilifu, na korosho yenyewe ama ingali ua ama ndiyo kwanza inaanza kudondoka. Minada hufunguliwa Oktoba, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima hapati fedha siku anapofikisha gunia kwenye chama cha msingi cha ushirika, bali anasubiri korosho iuzwe mnadani na malipo yapitie benki. Siupingi mfumo huo, una faida zake. Lakini maana yake ni kwamba shule humdai mzazi mchango katika miezi ambayo hana kitu mkononi, na fedha zinapoingia, mtihani umekwishapita. Wenzetu wa Kilwa, Ruangwa na Nachingwea wanaolima ufuta wana nafuu, kwa kuwa ufuta huvunwa na kuuzwa katikati ya mwaka. Huku juu, mwenye mikorosho mitupu hana pa kushika.

Hapo ndipo kangomba inapoingia. Kwa wasiolijua neno hili, kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, ambapo mara nyingi mnunuzi hutanguliza fedha kwa mtu aliyebanwa na shida, kisha hulipwa korosho kwa kipimo cha bakuli na kwa bei iliyo chini sana ya ile ya mnadani. Serikali imeipiga marufuku, nayo ingali ipo, kwa sababu shida inayoizaa ingali ipo. Baba mmoja aliniambia, bila hasira yoyote, kwamba kambi ya mwanawe wa kwanza aliilipia kwa gunia zima lililokuwa bado limening'inia mtini. Tusidhani watoto hawayajui haya. Yupo msichana aliyekuwa hapati usingizi kambini, na nilipomdadisi alisema kwamba akifeli atakuwa amekula korosho za wadogo zake. Je, tulimwondolea msongo wa mawazo au tulimwekea mwingine ambao hakuwa nao alipokuwa nyumbani?

Na korosho nayo ina miaka yake. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakakaa wakisubiri malipo hadi mwaka uliofuata. Walioichangia kambi ya mwaka ule kwa mkopo, wakitumaini kuulipa Novemba, walibaki na deni, na wengine walikuwa na mtoto wa pili anayetakiwa kuripoti kidato cha kwanza Januari.

Nitaambiwa kwamba mchango ni wa hiari. Ni kweli, tangu Januari 2016 elimumsingi haina ada wala michango ya lazima, na mihtasari ya vikao vyetu huandika neno «hiari» kwa unadhifu. Lakini jina la asiyetoa husomwa mbele ya wenzake, na mwanawe huonekana siku ya kwanza kwa kubaki nje ya foleni ya chakula. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Hawakuwahi kuhudhuria kikao cha wazazi.

Kuhusu ratiba nitasema kwa ufupi. Kambi nilizosimamia ziliwaamsha wanafunzi saa kumi alfajiri na kuwaruhusu kulala saa nne usiku, yaani usingizi wa saa 6, ilhali wataalamu wa afya hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na ni usingizini ambamo ubongo huyaweka sawa yale yaliyosomwa mchana. Tunamnyima mtoto kile kinachomwezesha kukumbuka, kisha tunamchapa kwa kusahau. Kanuni zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Usiku wa kambi daftari hilo sijawahi kuliona.

Wala si kwamba walimu ni wakatili. Mwalimu huyo anasimamia usiku bila posho, ameacha mtoto mchanga nyumbani, pengine mshahara wake umekwishamezwa na mkopo wa «kausha damu», ule wa riba kubwa mno, na anajua kwamba matokeo yakitoka ataitwa kwenye kikao cha tathmini. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa tangu matokeo ya Januari 2023, lakini katani tunakofanyia kazi orodha zingali zinapangwa, na wa mwisho husimamishwa ajieleze.

Ninachopendekeza ni mambo mawili: kambi ziwe za mchana, mtoto alale kwao; na chakula kichangwe Novemba na Desemba, malipo ya korosho yakiingia, kwa ajili ya kambi ya mwaka unaofuata. Makopa, yaani muhogo mkavu, na kunde zikihifadhiwa vizuri hukaa. Karibuni tujadiliane.

*Mama wa watoto wanne, Newala:*

Mwalimu, salaam. Kuhusu kalenda sina la kupinga, umeyasema yaliyo moyoni mwetu. Lakini hilo la mtoto kulala nyumbani umelisema kama mwanamume ambaye akirudi hukuta maji ndooni. Huku kwetu mto hakuna; mradi wa maji wa Makonde upo tangu enzi za wakoloni na bado foleni ipo. Binti akitoka shule saa kumi jioni anakwenda gatini, kwenye kituo cha kuchotea maji, na ndoo yake, na akirudi giza limeingia, kuna wadogo wa kuogesha na kuna bada, ugali wa muhogo, la kusonga. Ukifika msimu wa mabibo, nyumba ya pili wanakunywa uraka, pombe ya mabibo ya korosho, mpaka usiku wa manane, na wanywaji hawajui kwamba jirani kuna mtahiniwa. Mwanangu mkubwa aliniambia kwamba kambi ndiyo mara ya kwanza maishani alipofungua kitabu akakimaliza bila kuitwa jina. Unataka kumrudisha kwenye kuitwa?

Jambo la pili, umemtaja yule msichana aliyekosa usingizi. Alikuwa na bahati kwamba ulimdadisi wewe. Shule yetu ina mwalimu wa malezi na unasihi, mtu mwema kabisa, lakini ndiye huyo huyo anayeshika fimbo mistarini asubuhi. Nani atamwendea na siri? Binti zetu waliochezwa unyago kila mmoja ana somo wake, yaani mlezi wake wa unyago; hao ni wanawake watu wazima ambao mtoto huwaambia hata yale anayomficha mama yake. Mwanangu alipotaka kuacha shule kidato cha tatu, somo wake ndiye aliyejua kabla yangu, na ndiye aliyemrudisha. Mnatulaumu kwamba unyago unawaharibu watoto, na yapo ya kulaumiwa, sikatai, hasa wanaowacheza wakiwa wadogo mno. Lakini sijaona shule iliyomwita somo hata mmoja kambini akakaa na wasichana jioni moja.

*Mwalimu wa shule ya msingi, Mtama:*

Mtoa hoja, swali langu ni moja tu. Chakula na fedha za Novemba, kwa kambi ya Julai, vitakaa mikononi mwa nani kwa miezi minane? Mzazi wa huku hakatai kuchanga kwa sababu ya umaskini peke yake. Anakataa kwa sababu amewahi kuchangia madawati ambayo hakuyaona.

*Mtoa hoja:*

Mama, nimekusikia, na kuhusu maji nakiri kwamba niliandika nikiwa nimesahau nani anayachota nyumbani kwangu. Basi kambi ya kulala ibaki kwa wasichana ambao nyumbani hawawezi kusoma na kwa wanaotoka mbali, mradi pawepo matroni na mlango unaofungwa. Nimewahi kuona wasichana wakilala darasani kwenye mikeka huku dirisha limezibwa kwa gunia, na nilinyamaza. Wavulana wanaokaa karibu na shule sioni kwa nini wasilale kwao. Hilo la somo sikuwahi kulifikiria kabisa. Najua wapo walimu wenzangu watakaosema tunaingiza ngoma shuleni, na ningependa wajitokeze hapa waseme, kwa sababu mimi sijapata jibu la kumpa mama huyu.

Mwalimu wa Mtama umenibana penyewe. Nilikuwa nikifikiria makato ya shilingi chache kwa kilo kupitia chama cha msingi, lakini makato ya korosho tayari ni mengi, na kila msimu mkulima husoma stakabadhi yake akiuliza hiki ni cha nini na kile ni cha nani. Sitaki elimu iwe mstari mwingine katika karatasi hiyo. Bora kiwe chakula kuliko fedha, kipimwe mbele ya wazazi, na ufunguo wa stoo ukae kwa mzazi aliyechaguliwa na wenzake, si kwa mkuu wa shule. Kama kuna kijiji kilichojaribu hivyo kikashindwa, tuambieni kilishindwa wapi. Kuhusu usingizi, hata hivyo, sirudi nyuma: taa zizimwe saa tatu usiku, na mwalimu wa zamu naye akalale.