Chuo kinaitwa Osaka ila kampasi iko Suita, familia niiweke wapi?

Kibegi_Mgongoni:
Wakuu habari zenu. Nimepata skolashipu ya serikali ya Japani, masta ya uhandisi Chuo Kikuu cha Osaka, naingia mwezi wa 10. Kichwani nilishajiona nakaa Umeda katikati ya maghorofa, kufungua ramani kumbe kampasi iko Suita, mwingine ananiambia chuo hichohicho kipo Toyonaka, mwingine Minoh, yani nimevurugwa. Mke na binti yetu wa miaka 7 watanifuata. Nipange mjini niwe napanda treni au tukae hukohuko? Na shule ya mtoto inakuaje? Kijapani chetu wote watatu kinaishia "arigato".

MzeeWaMonoreli:
Hongera sana mkuu. Hawajakudanganya, kampasi ziko 3 na zote ziko nje ya jiji, upande wa kaskazini. Uhandisi na udaktari Suita, sheria na uchumi Toyonaka, lugha za kigeni Minoh (huko kuna Wajapani wanasomea Kiswahili digrii nzima, siku kanji, yale maandishi yao, zikikushinda nenda kapige stori). Kati ya kampasi kuna basi la chuo, bure.

Sasa Umeda achana nayo, utalipa kodi ya maana halafu mlale watatu kwenye kijichumba. Angalia Senri, ule mji uliojengwa miaka ya 60 juu ya vilima, hata Maonyesho ya Dunia ya 1970 yalifanyika palepale jirani. Majengo mengi ni ya zamani na mengine hayana lifti, usije ukabeba friji mwenyewe kama mimi, ila miti kila kona na ukishuka stesheni ya Kita-Senri unatembea tu mpaka kampasi. Uliza nyumba za UR, shirika la umma la kupangisha nyumba: hawataki mdhamini wala ile reikin, hela ya kumshukuru mwenye nyumba ambayo hairudi, ila wanaangalia kipato au akiba.

MamaNaila:
Shemeji, shule ya Kiingereza Minoh ipo lakini ni ya kulipia, kwa skolashipu sahau. Mpeleke ya serikali, ada hamna hata kwa mgeni, mtachangia vifaa. Shule inafuata anwani, kwahiyo nyumba kwanza, mkienda kujisajili ofisi ya manispaa mnaulizia hapohapo. Darasa wanaangalia umri, mwaka wao unaanza mwezi wa 4, hata kama hajui kusoma "a" yao anakaa na wenzake.

Kitakachokutoa jasho ni majina. Kila kitu kinaandikwa jina, kofia, viatu vya kuvaa ndani, mpaka vijiti vya kuhesabia vya kwenye boksi la hesabu, KILA kijiti. Nilikesha na mkasi na gundi mpaka saa 8 usiku. Chakula nacho, menyu ya mwezi mzima inaletwa nyumbani, mie nakaa na kalamu nyekundu nazungushia siku za nguruwe, siku hizo anabeba cha kwetu, mwalimu nilishaongea nae. Lugha mpe muda, wangu miezi mitatu darasani kimya, siku alipofunguka alianza na mimi, ananifokea kwa Kijapani nimeingia na viatu mbele ya wenzake.

Kapuku_Nipponbashi:
Mi nampinga Mzee kidogo. Treni ya Midosuji toka Umeda inanyoosha mpaka stesheni ya Senri-Chuo hukohuko Senri, hubadilishi, sio mbali kihivyo. Na mkeo akija kwa viza ya familia akaomba kibali anaruhusiwa kazi masaa 28 kwa wiki, vibarua vya mtu asiyejua Kijapani mjini ndo viko vingi, huko vilimani atakaa anaangalia miti.

MzeeWaMonoreli:
Kapuku we huna mtoto. Hapa Senri mtoto anatoka mwenyewe asubuhi kwenda shule na wenzake kwa miguu.

Kibegi_Mgongoni:
Dah asanteni, Senri basi, mjini mke atapanda hiyo Midosuji akipata kazi. Kasoma uzi wote, anauliza swali moja tu, hizo lebo za majina hamna za kununua?

MamaNaila:
Zipo, unaoda zimeshachapwa jina, unabandika tu. Mie nimekuja kujua binti yuko la pili.