Mrejesho: manjano ya mzee (macho na ngozi kuwa njano), mirija ya nyongo imetanuka lakini uvimbe hauonekani

Wakuu, niliuliza kwa nini ultrasaundi ya mzee wetu wa Tukuyu, iliyofanyika Mbeya mjini, ilionyesha mirija ya nyongo imetanuka bila uvimbe. Jibu: huenda ni saratani ya mirija ya nyongo, ambayo mara nyingi hutambaa ndani ya ukuta wa mrija, chini ya utando, bila kufanya donge. Kisha hufuata neva, tezi za limfu, ini lenyewe na mshipa mkubwa unaoliletea damu kutoka utumbo. Ukizingirwa huo, upasuaji huwa mgumu mno.

CT-scan ya dawa ya mshipani ifanywe kabla ya stenti (kijibomba cha kufungua mrija ulioziba), maana stenti huvuruga picha. Nyongo ikiziba, vitamini K hainyonywi, damu huchelewa kuganda: ipimwe kabla ya stenti au upasuaji. Homa na kutetemeka juu ya manjano, hospitali usiku huohuo.