Mjadala: Ukali wa wodini unamkomaza mwanafunzi wa udaktari au unamvunja?

Mleta mada:
Wakuu, hili naomba tulijadili bila kuoneana haya. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanakaripiwa mbele ya wagonjwa, na wengi wetu tumekuzwa tukiamini ndivyo daktari anavyopikwa. Mimi napinga.

Kazi yenyewe ni nzito, hilo halina ubishi. Udaktari hapa Tanzania ni miaka 5 ya chuo, kisha mwaka 1 wa intaniship, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Kijana anamshika mkono mtu anayekata roho alfajiri, na asubuhi hiyo hiyo anatakiwa asimame kwenye raundi, madaktari wakipita kitanda kwa kitanda, ajibu maswali. Lakini kuitwa mjinga mbele ya mama anayeuguza mwanawe hakumfundishi mtu kusikiliza mapafu. Kunamfundisha kujificha. Haulizi tena, na siku nyingine anaandika presha ambayo hakuipima ili asionekane hajui. Huyo ndiye wa kuogopwa.

Mwaka 2016 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa tafiti za nchi zaidi ya 40. Asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 walikuwa na mawazo ya kujiua. Inayoniumiza zaidi ni namba ya tatu: kati ya waliobainika na sonona, waliotafuta tiba ni asilimia 15.7 tu. Watu wanaosomea tiba hawaendi kutibiwa!

Nilikosoma mimi, ofisi ya ushauri ndiyo iliyoshughulikia pia nidhamu, na daktari wa afya ya akili ndiye aliyekuja kututahini. Ungemwendea nani umwambie hulali? Wengine walikimbilia pombe, wengine mikesha ya maombi. Mimi nilishikwa mkono na wenzangu wa kikundi cha kusomea.

Mchangiaji wa 1:
Mdogo wangu, nimefundisha wodini miaka mingi. Kosa la dozi ya mtoto linaua. Nikimbembeleza mwanafunzi leo, kesho yuko peke yake zamu ya usiku kwenye kituo cha afya kijijini. Nasi tulikaripiwa, tukawa madaktari. Tazameni idadi: wanafunzi wamejazana kuzunguka kitanda kimoja cha mgonjwa, mwalimu mmoja, na foleni ya wagonjwa inamngoja nje. Huyo mwalimu naye amechoka.

Mchangiaji wa 2:
Wauguzi tusisahaulike. Tunapelekwa wodini kujifunza, tunaishia kuziba pengo la watumishi. Unageuza wagonjwa, unapeleka sampuli maabara, zamu inaisha na logibuku, daftari la kuthibitisha kazi ulizojifunza, haijasainiwa hata mstari mmoja. Bila saini hufanyi mtihani. Kukaripiwa nimezoea, saini ndiyo inayoninyima usingizi.

Mleta mada:
Shikamoo daktari. Kosa la dozi likemewe, tena papo hapo. Ninachokataa ni kumdhalilisha mtu kwa sababu hajui jambo alilokuja kujifunza. Tena hao waliokaripiwa wakavumilia tunawaona, ila aliyeacha chuo hayupo hapa kuchangia. Tamko la Geneva, kiapo cha madaktari duniani, lilirekebishwa 2017 likamtaka daktari atunze afya yake mwenyewe ili ahudumie vizuri. Kule Marekani, kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Saint Louis kilipunguza vipindi na kuondoa madaraja ya alama kabla ya miaka ya wodini, kikabakiza kufaulu au kufeli. Sonona na wasiwasi vikapungua. Kwetu naomba jambo dogo kuliko hilo: kila chuo kiwe na mshauri asiyetoa alama na asiyekaa kwenye kamati ya nidhamu.

Kuhusu mwalimu aliyechoka umesema kweli, na sina jibu lake mbali na kuajiri.

Mchangiaji wa 2, suala la logibuku ni zito kuliko hata lile nililoanza nalo. Pale kwenu nani anatakiwa asaini zamu za usiku, na mmeshawahi kulipeleka chuoni kwa maandishi?