Santuri ya Jim Reeves: upande mmoja unayumba, mwingine uko sawa

Reli_ya_Kati (Mwanga, Kigoma)
Habari wakuu. Santuri ndogo ya 45 (mizunguko 45 kwa dakika), Jim Reeves: huku "He'll Have to Go", huku "In a Mansion Stands My Love". Nataka kulinganisha pande mbili kabla ya kuziingiza kwenye kompyuta. Ule wa "Mansion" piano inayumba kama imelewa, wa pili umetulia. Halafu kote sauti ni nzito kuliko ninavyoijua redioni. Na upande A, yaani ule mkuu, hasa ni upi?

Isevya45 (Tabora)
Mkuu, anza na mwendo, la sivyo unalinganisha bure. Mashine yako ni ya Marekani? Mota nyingi za zamani hufuata hertz za umeme (mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde). Kwao 60, kwetu 50, kwa hiyo 45 inakuwa 37.5 na wimbo unashuka nusutoni tatu hivi. Transfoma inashusha volti tu, hertz haiigusi. Tafuta puli ya hertz 50 (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda), ambayo ni nene zaidi kwa moja ya tano. Kupima: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, hesabu mizunguko dakika nzima.

Kuyumba ni jambo jingine. Kila upande hugandamizwa kwa mhuri wake, na mhuri mmoja ukikaa pembeni kidogo ya tundu, upande huo tu ndio unaoumia. Tazama mkono wa sindano: ukienda kushoto na kulia mara moja kila mzunguko, ndiyo hiyo. Kama tundu ni lile kubwa la Kimarekani, legeza kishikio cha katikati, sukuma santuri kidogo kidogo mpaka mkono utulie. Usichonge tundu! Utaharibu ule upande mwingine ulio sawa.

Mfereji
Upande A uliokusudiwa ni huo unaoyumba. Kampuni ya RCA Victor waliitoa mwishoni mwa 1959, watangazaji wa redio wakaigeuza, na 1960 "He'll Have to Go" ikakaa wiki 14 kileleni mwa chati ya kantri ya Billboard. Kwa hiyo usishangae ukikuta upande wa "He'll Have to Go" ndio umechakaa. Ukisikia mkwaruzo sauti inapopanda karibu na lebo, usimlaumu Chet Atkins, prodyuza aliyeisimamia. Huko ndani mfereji hupita taratibu chini ya sindano, na uchakavu husikika zaidi.

Rekodi ni mono (sauti ya njia moja tu): unganisha chaneli mbili kuwa moja, makelele mengi yatapungua. Kisha sawazisha ukubwa wa sauti, maana sikio hupenda kinachopiga juu hata kama ni kibovu. Osha kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi (soma chupa kwanza), na usiloweshe lebo.

Reli_ya_Kati
Nimehesabu: 37 na kidogo. Puli ya sasa ina kipenyo cha milimita 10, nimpe fundi wa lezi achonge ya 12?

Isevya45
Hapo hapo unapokaa mkanda, ndiyo, 12. Mwambie tundu la shafti liwe katikati kabisa, lisipokuwa hivyo pande zote mbili zitayumba.